"Naive": mwongozo kamili wa maana, matamshi na matumizi yake kwa msemaji wa Kiswahili

Anayelitafsiri neno la Kiingereza "naive" kwa neno moja tu, "mjinga", atapatia mara chache na kukosea mara nyingi. Kosa lenyewe si dogo: karipio la upole linageuka tusi, na maneno ya huruma yanageuka dharau. Mwongozo huu unalichukua neno hili tangu sauti yake hadi matumizi yake hospitalini na kwenye kompyuta. Umeandikwa kwa ajili ya wanafunzi, walimu, wafasiri, na yeyote anayeandika barua pepe za kazi kwa Kiingereza huku akifikiri kwa Kiswahili.

Hatua ya kwanza: ishike maana kabla ya kutafuta tafsiri

"Naive" humweleza mtu, wazo au tendo lenye mambo mawili kwa pamoja. La kwanza ni uzoefu haba: mhusika hajaona namna watu na mambo yanavyokwenda. La pili ni imani iliyozidi: anachukulia kwamba watu ni wema, njia ni nyepesi, ahadi zitatimizwa. Likikosekana mojawapo, neno halikai sawa. Kijana aliyeanza kazi jana lakini anauliza, anahakiki, anasoma mkataba mstari kwa mstari, ana uzoefu mdogo ila si "naive". Bibi aliyeishi miaka themanini na bado anaamua kumkopesha jirani mwenye sifa mbaya, akijua wazi kwamba huenda fedha zisirudi, naye si "naive". Huyo ni mkarimu mwenye macho.

Akili haimo katika hesabu hii. Profesa mwenye shahada tatu anaweza kuwa "naive" katika biashara ya viwanja, na mtoto wa miaka kumi anayeuza maji stendi akawa hana hata chembe ya hali hiyo. Ndiyo maana Kiingereza mara nyingi hutaja eneo ambalo mtu hana uzoefu nalo: "politically naive" ni asiyejua mizunguko ya siasa, "naive about money" ni asiyejua fedha zinavyokwenda. Ukiona neno hili, jiulize kwanza: mhusika hajui nini, na amemwamini nani au nini kupita kiasi? Ukishapata majibu hayo mawili, tafsiri itajileta.

Neno lilipotokea

Kilatini kilikuwa na "nativus", yaani cha kuzaliwa nacho. Kifaransa cha kale kikalifanya "naif", mtu au kitu cha asili kisichotiwa makeke, na umbo lake la kike likawa "naïve". Waingereza walilichukua katika karne ya 17, wakabaki na umbo la kike kwa watu wote. Kutoka Kilatini hichohicho Kiingereza kilipata pia "native", kwa hiyo "naive" na "native" ni ndugu wa tumbo moja waliopita njia mbili. Ukikumbuka hivyo, maana haikutoki: mtu "naive" yupo kama alivyozaliwa, ulimwengu haujamgusa bado. Undugu huo pia ni chanzo cha kosa la kuandika. Wanaochapa haraka huandika "native" wakimaanisha "naive", na programu ya kusahihisha tahajia haistuki kwa sababu yote mawili ni maneno halali. "A native question" haina uhusiano wowote na swali la kitoto.

Hatua ya pili: litamke

Neno lina silabi mbili, na mkazo uko kwenye ya pili: nai-IIV. Silabi ya kwanza ni kama "nai" ya Nairobi. Ya pili ni "i" ndefu inayofungwa na "v", meno ya juu yakigusa mdomo wa chini, sauti ikitoka kooni. Usiweke irabu mwishoni.

Hapa msemaji wa Kiswahili ana bahati moja na mtego mmoja. Bahati ni kwamba tumezoea kutamka kila irabu iliyoandikwa, hivyo kuzitenganisha "a" na "i" hakutupi shida. Hata mwenye lafudhi nzito anayesema "naiivu" huweka mkazo mahali pake, kwa kuwa Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho. Mtego ni "e" ya mwisho. Anayesoma herufi zote kwa Kiswahili hutamka "na-i-ve", akaishia na neno ambalo Mwingereza hatalitambua. Kosa jingine la kawaida ni "neiv". Kwa sauti hiyo msikilizaji husikia "nave", ukumbi mkuu wa kanisa wanamoketi waumini, au "knave", neno la zamani la mtu laghai, ambaye ni kinyume kabisa cha uliyemkusudia.

Jina la hali yenyewe, "naivety", hutamkwa nai-II-va-ti, silabi nne, mkazo ukibaki palepale. Wamarekani wengi hupendelea umbo la Kifaransa, "naïveté", na husikika kama na-iiv-TEI, mkazo ukihamia mwisho. Chagua moja ulishike katika maandishi yako yote. Kwa anayefuata Kiingereza cha Uingereza, kama shule zetu nyingi za Afrika Mashariki zinavyofanya, "naivety" ndilo chaguo la kawaida.

Hatua ya tatu: liandike

"Naive" na "naïve" yote ni sahihi. Nukta mbili juu ya "i" zinamwambia msomaji kwamba irabu hiyo inasimama peke yake, isimezwe na "a" iliyotangulia. Magazeti mengi na barua za kazi huandika bila nukta. Kwenye tasnifu, fuata mwongozo wa chuo, na usichanganye maumbo mawili katika kazi moja.

Ukizihitaji hizo nukta: kwenye simu, shikilia herufi "i" hadi zitokee herufi za ziada, kisha telezesha kidole hadi kwenye "ï". Kwenye Windows yenye kibodi kamili, shikilia Alt uchape 0239 kwenye tarakimu za pembeni. Kwenye Mac, bonyeza Option na u, uachie, kisha i. "É" ndogo ya mwisho wa "naïveté" kwenye Windows ni Alt na 0233.

Hatua ya nne: liweke kwenye sentensi

Hapa ndipo makosa yanapojazana, na mengi yana sababu moja: Kiswahili huitaja hali hii kwa nomino, Kiingereza huitaja kwa kivumishi. Sisi tunasema "yule ni mjinga", "yule ni mshamba", na "ni" yetu inafuatwa na nomino. Mwanafunzi akiihamisha sentensi hiyo vilevile, anaandika "He is a naive." Sentensi imevunjika, kwa sababu "naive" linahitaji nomino ya kuegemea likitanguliwa na "a". Iwe "He is naive" au "He is a naive young man". Iko nomino "naif" kwa maana ya mtu wa namna hiyo, ila ni ya maandishi ya kifasihi na huhitaji kuitumia.

Miundo mitano inatosha kwa karibu kila hitaji.

Muundo wa kwanza ni kabla ya nomino: "a naive question", "a naive belief", "a naive young doctor". Wa pili ni baada ya vitenzi kama "be", "seem", "sound": "The plan sounds naive." Kutokana na muundo huu kuna fungu lenye manufaa makubwa mkutanini: "This may sound naive, but..." Ni njia ya kuuliza jambo la msingi ambalo kila mtu anaogopa kuliuliza, na kwa Kiswahili mtu angeanza kwa "Huenda swali langu likaonekana la kitoto, lakini..."

Muundo wa tatu ni wa kuhukumu tendo: "It was naive of him to sign without reading." Angalia "of". Wengi huandika "for him", kwa sababu tumezoea "it is good for him", "it is hard for him". Lakini pale kivumishi kinapompima mtu kwa alichokifanya, Kiingereza hutumia "of": "kind of you", "careless of her", "naive of him". Ukitaka kuacha kumtaja mtu, kata sehemu hiyo: "It would be naive to think that prices will fall by themselves." Huu ndio muundo unaofaa kuliko yote katika insha na ripoti, na tutaurudia tukifika kwenye adabu.

Muundo wa nne ni "enough": "She was naive enough to believe him." Neno "enough" hufuata kivumishi, halikitangulii. "Enough naive" ni kosa. Maana yake ni kwamba hali hiyo ilifikia kiwango cha kuzaa tendo fulani, na tendo hilo lilifanyika.

Wa tano ni wa kutaja eneo: "naive about contracts", "naive about how banks work". Kihusishi ni "about". "Naive on" na "naive of contracts" si Kiingereza. "In" hukubalika kikifuatwa na kitenzi cha "-ing": "You are naive in thinking they will pay."

Kuna tofauti moja ndogo ambayo wanaojifunza hawaambiwi, nayo hubadilisha uzito wa maneno. "You are naive" ni hukumu juu ya tabia ya mtu. "You're being naive" ni kumwambia kwamba katika jambo hili, sasa hivi, anafikiri kama asiye na uzoefu, ingawa kwa kawaida hayuko hivyo. La pili linasameheka kati ya marafiki, la kwanza linaweza kuvunja urafiki. Kiswahili hutofautisha kwa namna yake: "Wewe hujui ulimwengu" dhidi ya "Hapo unajidanganya."

Kwa kulinganisha, tumia "more naive" na "the most naive". Kielezi "naively" hukaa vizuri kabla ya kitenzi: "I naively believed that the deposit would be returned." "Naivety" haihesabiki, kwa hiyo haichukui "a" wala wingi katika matumizi ya kawaida: "his naivety", "the naivety of the plan", "in my naivety". Na maneno yanayopenda kutangulia "naive" ni "a little", "rather", "incredibly", "hopelessly", "dangerously", "politically". "Charmingly naive" lipo pia, na lenyewe ni sifa: uasili wenye kupendeza.

Hatua ya tano: litenganishe na majirani zake

"Innocent" ndilo jirani wa karibu zaidi, na linachanganywa zaidi. Lina maana mbili. Mahakamani ni asiye na hatia, na hapo "naive" haliwezi kushika nafasi yake hata kidogo. Nje ya mahakama ni msafi wa moyo, asiyeguswa na uovu, na hapo humsifu mtu, hasa mtoto. "Naive" likisemwa kwa mtu mzima hubeba lawama kidogo: alipaswa awe ameshajua.

"Gullible" ni anayedanganyika kirahisi. Ili mtu awe "gullible" lazima awepo mdanganyifu, au angalau uwongo. Chukua ule ujumbe wa simu ambao karibu kila mwenye laini Tanzania ameshaupokea, "ile hela tuma kwenye namba hii". Anayeutii bila kuuliza ni "gullible". Anayedhani kwamba kwa kuwa laini zinasajiliwa kwa kitambulisho basi matapeli wamekwisha, huyo ni "naive", hata kama hajatapeliwa senti. Kwa hiyo kipimo ni rahisi: tafuta tapeli. Kama hayupo, "gullible" halifai. Mtu anaweza kuwa "naive" juu ya muda wa kujenga nyumba, juu ya ugumu wa mtihani, juu ya masika, hakuna aliyemdanganya.

"Ignorant" ni kukosa habari au elimu ya jambo, na kwa mazungumzo ya kawaida ni neno kali kuliko "naive". Asiyejua kwamba sheria fulani ipo ni "ignorant of the law". Anayeijua sheria na kuamini kwamba kila mtu ataifuata kwa sababu tu imeandikwa, huyo ni "naive". Habari anayo, anachokosa ni kuwajua watu.

"Inexperienced" ni neno safi lisilo na lawama, nalo ndilo la kutumia kwenye barua za kazi. Ukimwandikia mtu barua ya kumpendekeza ukasema "he is a little naive", umemharibia. Andika "inexperienced", kisha taja anachokijua.

"Ingenuous" ni mnyofu asiyeficha kitu, na huelekea upande wa sifa. Hatari yake ni kufanana na "ingenious", ambalo ni mbunifu mwenye akili ya kuvumbua. Herufi moja inageuza maana yote. Kinyume chake, "disingenuous", ni neno la kulijua, kwa maana linamtaja mtu anayejifanya hajui kumbe anajua vizuri sana. Wanasiasa hushutumiana kwa neno hili, na "naive" lao mara nyingi huwa jibu: mmoja anamwita mwenzake mnafiki, mwenzake anamwita yeye asiyejua mambo.

Upande wa pili wa uwanja wamo "experienced", "shrewd", "worldly-wise", na "streetwise" ambalo Wamarekani hulisema "street-smart". Hilo la mwisho linakaribiana sana na "mtoto wa mjini". Angalizo ni kwamba "mjanja" kwa Kiswahili lina sura mbili, ya kusifiwa na ya kuogopwa, kwa hiyo usilitumie kwa "shrewd" bila kutazama sentensi inasifu au inaonya.

Hatua ya sita: tafuta Kiswahili chake

Hakuna neno moja la Kiswahili linalolingana na "naive" pande zote, na hatuoni sababu ya kulilazimisha lipatikane. Kinachohitajika ni kujua hazina iliyopo na kuchagua kwa sauti ya sentensi.

"Mjinga" lina historia inayolikaribia sana. Katika Kiswahili cha zamani cha pwani lilitumika hasa kwa mgeni, mtu aliyefika mjini karibuni asiyejua lugha wala desturi, na watu waliotekwa bara wakaletwa pwani ndio walioitwa hivyo zaidi. Methali "Mjinga akierevuka, mwerevu yu mashakani" bado inabeba maana hiyo: ujinga huo ni hali ya kupita, na siku ukipita, waliokuwa wakinufaika nao wana shida. Lakini leo neno limekuwa kali. Mtu akiambiwa "mjinga" barabarani, iwe Mombasa au Mwanza, hasikii "hujazoea", anasikia tusi. Litumie kwa "naive" pale tu msemaji anapojisema mwenyewe, au pale Kiingereza chenyewe kina ukali. "Mpumbavu", "juha" na "zuzu" yaache kabisa. Hayo yanahukumu akili.

"Mshamba" linagusa kutojua mambo ya mjini, pamoja na mavazi na usemi. Aliyezaliwa Kariakoo anaweza kuwa "naive" bila kuwa mshamba. "Limbukeni" ni aliyepata kitu kwa mara ya kwanza na kikampanda kichwani. Hapo tatizo ni kujionyesha, wakati "naive" tatizo lake ni kuamini. "Mwanagenzi" na "kuruta" ni wapya katika kazi, na yanafaa zaidi kwa "novice" na "recruit". "Mbichi" kwa mtu asiyekomaa linakaribiana na "green" ya Kiingereza cha mazungumzo.

Yanayofanya kazi vizuri zaidi ni mafungu ya maneno: "hajaujua ulimwengu", "hajui ya dunia", "ana moyo mweupe", "hana hila", "anaamini kila anachoambiwa", "fikra za kitoto", "kujidanganya". Tazama yanavyogawana kazi.

"I was young and naive when I signed that contract." Msemaji anajisikitikia. "Nilipotia saini mkataba ule nilikuwa kijana, sijaujua ulimwengu." Angalia kwamba hatukuandika "kijana na mjinga", Kiswahili hakilazimiki kuweka vivumishi viwili pamoja kwa "na", na kitenzi kinasema vizuri zaidi.

"It would be naive to think that the price will come down by itself." "Ni kujidanganya kudhani kwamba bei itashuka yenyewe." Hapa hakuna anayetukanwa, na "kujidanganya" kunachukua mzigo wote wa "naive": kuamini kusiko na msingi, bila tapeli wa nje.

"She has a naive trust in people." Kama mwandishi anampenda: "Ana moyo mweupe, anamwamini kila mtu." Kama anamwonya: "Anaamini watu kupita kiasi."

"What a naive question!" "Swali la kitoto hilo!" Kwa sauti ya upole zaidi: "Swali hilo ni la mtu asiyelijua jambo hili."

"He naively gave them his password." Hiki kielezi ndicho kinachowashinda wengi, wakaandika "kwa ujinga". Jaribu: "Kwa kutojua ya dunia, akawapa neno lake la siri," au "Akawapa neno lake la siri bila kushuku lolote." Hilo la pili ndilo tunalolipenda. Mara nyingi "naively" hutafsirika vyema kwa kutaja kile ambacho mtu hakukifanya: hakushuku, hakuuliza, hakuhakiki.

"The government's naivety cost the country dearly." "Serikali iliamini mno, na nchi ikalipia gharama kubwa." Nomino ya Kiingereza imegeuzwa kitenzi, na sentensi imesimama bila "unaivu" wala neno jingine la kubuni.

Mwalimu anayetaka zoezi la darasani anaweza kuchukua sentensi hizi sita, akafuta tafsiri, na kuwataka wanafunzi waandike kwanza majibu ya maswali mawili ya hatua ya kwanza: hajui nini, ameamini nini? Anayeruka maswali hayo karibu kila mara huishia kwenye "mjinga".

Hatua ya saba: chunga unamwambia nani

Kwa Kiingereza, kumwambia mkubwa wako kazini "You are naive" ni kumdharau. Kwa anayetoka katika desturi ya shikamoo, kosa hilo linakuwa zito mara mbili, maana neno hili lina udogo wa umri ndani yake. Ni kama kumwita mzee mtoto. Elekeza neno kwenye wazo badala ya mtu, kisha ulipunguze: "That assumption may be a little naive." Au tumia ule muundo usiotaja mtu, "It would be naive to assume...", ukimalizia kwa sababu. Bila sababu, sentensi hiyo hubaki kejeli tu, na walimu wa vyuo huikata.

Kujisema mwenyewe hakuna kizuizi. "Perhaps I was naive" ni namna ya kiungwana ya kukiri kwamba uliamini mno, na huacha heshima yako ilipo, kwa sababu aliyeamini mno hakuwa na nia mbaya.

Hatua ya nane: litambue likiwa neno la fani

Katika fani kadhaa "naive" limepoteza lawama yote na kubaki na maana ya "ambaye bado hajakutana na". Anayetafsiri ripoti bila kujua hilo anaweza kupotosha jambo zito.

Kwenye tiba, "treatment-naive" ni mgonjwa ambaye hajawahi kutumia dawa ya ugonjwa huo. Katika ripoti za kliniki za VVU utakuta "ART-naive": hajawahi kutumia ARV. Aliyewahi kuzitumia huitwa "treatment-experienced", hata kama aliziacha. Tofauti hiyo inahusu uchaguzi wa dawa, kwa kuwa virusi vya aliyewahi kutumia vinaweza kuwa vimeshajenga usugu. "Opioid-naive" ni ambaye mwili wake haujazoea dawa za maumivu za jamii ya mofini. Huyo huanzishwa kwa dozi ndogo, kwani dozi anayoivumilia aliyezoea inaweza kumzuia asipumue. Tafsiri daima kwa kitenzi: "hajawahi kutumia", "mwili haujazoea". Kwenye elimu ya kinga, "naive T cell" ni seli T, yaani aina ya chembe nyeupe ya damu inayolinda mwili, ambayo haijakutana na kimelea iliyoumbwa kumtambua.

Kwenye sanaa, "naive art" ni kazi za wachoraji wasiosomea uchoraji, zenye rangi kali, maumbo sahili, na vitu vya mbali vinavyochorwa wazi kama vya karibu. Mfaransa Henri Rousseau, aliyeishi 1844 hadi 1910 na kufanya kazi ya kukusanya ushuru Paris, ndiye anayetajwa mara nyingi. Kwetu, mtindo wa Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwenye vipande vya ubao mgumu kwa rangi za baiskeli, huwekwa na waandishi wengi katika kundi hilo. Ukilitafsiri jina la kundi, andika "sanaa ya wachoraji waliojifunza wenyewe". "Sanaa ya kijinga" ni dhuluma kwa kazi iliyolisha familia nyingi za wachoraji baada ya kifo chake mwaka 1972.

Kwenye kompyuta, "naive algorithm" ni njia ya moja kwa moja isiyotumia mbinu ya kupunguza kazi. Ukitafuta neno la herufi 5 ndani ya maandishi ya herufi 1,000 kwa njia hiyo, unalijaribu katika kila nafasi kati ya 996, na kazi inaweza kufikia ulinganishi 4,980. Jibu ni sahihi. Gharama ndiyo kubwa. "Naive Bayes", njia ya kukadiria uwezekano inayotumika kuchuja barua taka, imepewa jina hilo kwa sababu inachukulia kwamba kila neno kwenye ujumbe ni dalili inayojitegemea, haina uhusiano na neno jingine. Dhana hiyo si kweli, lakini uchujaji hufanya kazi vizuri hata hivyo.

Wanaoandika programu kwa Python watalikuta kwenye saa pia. "Naive datetime" ni tarehe na saa isiyosema ni ya ukanda gani wa muda. Yenye ukanda huitwa "aware". Saa 10:00 iliyohifadhiwa bila ukanda haijulikani kama ni ya Nairobi au ya London, na Nairobi iko saa 3 mbele ya UTC, saa ya kimataifa ya marejeo. Ukijaribu kulinganisha saa isiyo na ukanda na yenye ukanda, ipi ni ya mapema, Python hukataa na kukuandikia kwamba haiwezi kulinganisha "offset-naive" na "offset-aware". Dawa yake ni kuhifadhi kila saa kwa UTC yenye ukanda tangu mwanzo, na kuibadilisha kuwa ya Afrika Mashariki pale tu inapoonyeshwa kwa mtumiaji.